Namba ya Mzoa Theluji

Baba alikuwa mtu wa simu kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kununua vitunguu na alizeti kwa wakulima wa huku Singida na kuuza Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, na mwenyewe alipenda kusema kwamba mzigo husafiri mara mbili, kwanza kwa mdomo, halafu kwa lori. Dukani kwake kulikuwa na simu ya mezani ya rangi ya maziwa, yenye mkonga mzito na waya uliojisokota. Mimi na dada yangu tukitoka shule tulipitia pale, tukakaa juu ya magunia na kumsikiliza akibembeleza watu wa mbali. Hakuwa na daftari la namba. Zote alikuwa nazo kichwani, na vidole vyake vilibonyeza huku yeye akiangalia barabarani nani anapita.

Presha ya macho ilimwanza alipokaribia miaka sabini. Tulifika kwa daktari tukiwa tumechelewa. Jicho la kulia lilizimika kwanza, la kushoto likafuata mwaka wa pili yake, tukafunga duka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini na nilikuwa nimerudi kuishi nyumbani, kwa hiyo tukawa watatu: Baba, Mama na mimi. Dada yuko Kanada. Alikwenda kusoma, akamaliza, akapata kazi katika kiwanda cha mikate, akabaki huko.

Giza lenyewe Baba alilivumilia kuliko tulivyotegemea. Msikitini alikwenda kwa fimbo, akihesabu hatua. Chai alijimiminia mwenyewe, kidole kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Kilichomshinda ni simu. Tulimnunulia simu ndogo ya kitochi, lakini vitufe vyake ni vidogo kama punje za mtama na vidole vya Baba ni vya mtu aliyebeba magunia. Akitaka kumpigia rafiki yake, anampata fundi wa baiskeli. Na Dada alikuwa anapatikana kwa intaneti, kwenye simu yangu ya tachi, ambayo kwa Baba ilikuwa kipande cha kioo tu. Alikipapasa, hakuona pa kushika.

"Hiki kitu hakina uso," aliniambia.

Kwa hiyo kila alipotaka kuongea na binti yake, alinisubiri mimi nitoke shule. Nampigia Dada kwa video, nampa Baba simu, na Baba anaibandika sikioni kama alivyozoea maisha yake yote. Kule Kanada Dada anaona sikio. Miezi mingi dada yangu aliongea na sikio la Baba, na aliniambia sasa anazijua mvi zake zote zinavyochipukia mle ndani.

Siku moja Baba alisema, bila hasira, akiwa anakunywa uji: "Mimi nina mtoto ambaye siwezi kumpigia. Lazima niombewe, kama mtu anayeombewa kazi."

Nilimweleza Dada. Kisha akauliza, "Ile simu ya dukani bado ipo?"

Ilikuwepo. Mama aliiweka juu ya kabati la vyombo na kuifunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio na birika la wageni. Laini yake ilikufa zamani, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa.

Baada ya wiki kama tano, Mtanzania mmoja aliyekuwa anakuja likizo Dodoma alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na adapta, kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Upande mmoja kina tundu la waya wa simu ya mezani, upande wa pili tundu la waya wa intaneti. Dada alieleza kwamba kidude hicho huifanya simu ya kawaida ipige kupitia intaneti, na kwamba mahali popote penye intaneti na umeme kinafanya kazi, hata ukikiweka kwenye kikapu ukaenda nacho safari. Nilikuwa nimeshatafuta ruta ndogo ya laini ya simu. Jumamosi jioni niliipanga mezani ile familia ya vidude, Dada akinielekeza kwenye simu yangu: huu ingiza hapa, ule ingiza pale, subiri taa iwe ya kijani.

Taa ikawa kijani. Nikamwambia Baba ainue mkonga.

Akainua. Mlio ukatoka, ule mlio mrefu wa zamani, tuuuu, hata Mama aliyekuwa uani akausikia. Baba alisimama pale mkonga sikioni, kichwa kimeinama, midomo imefunguka kidogo. Nilitaka kumwambia apige, Mama akanishika mkono.

"Muache kwanza," alisema.

Kisha nikamtajia namba ya Dada, tarakimu kumi na moja. Aliitaja tena mara moja, nzima, bila kukosea. Kidole chake kikatembea juu ya vitufe, kikakipata kile kinundu kidogo kilichoko kwenye tano, na kuanzia hapo mkono ukakumbuka kazi yake. Nilisikia simu ikiita. Dada, ambaye alikuwa ametushuhudia kwenye kioo muda wote huo, alikata video kwanza ili aipokee vizuri.

"Haloo?"

"Ni mimi," alisema Baba. "Nimepiga mwenyewe."

Waliongea mpaka wali ukapoa. Sikumbuki Mama alilalamika.

Sasa, kile kidude kilikuja na namba yake. Dada aliichagua namba ya mji anaoishi yeye, ili akitupigia iwe kama anapiga mtaa wa pili, na sisi tukimpigia yeye, au mtu yeyote wa kule, vivyo hivyo. Kwa hiyo simu iliyokuwa juu ya kabati la vyombo mjini Singida ilikuwa, kwa hesabu za mitambo, simu ya Kanada. Hatukulifikiria zaidi ya hapo.

Ilikuwa Novemba, mvua tunazisubiri, vumbi lote liko hewani. Saa kumi jioni nilikuwa nasahihisha madaftari. Simu ikaita, na Baba akawahi, kwa sababu kiti chake tulishakihamishia kando ya kabati.

"Haloo, Singida," alisema, kama alivyosema dukani.

Mwanamume akaongea Kiingereza haraka haraka. Baba alisoma shule ya kati enzi za walimu wakali, na Kiingereza chake ni kizito lakini ni kizima. Aliuliza arudie. Akauliza tena. Akaziba mkonga kwa kiganja na kutugeukia.

"Anataka nikamzolee theluji."

"Wapi?" aliuliza Mama.

"Mlangoni kwake. Anasema gari haitoki."

Mama aliweka ungo chini akakaa sakafuni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Baba alirudi kwenye simu na kumweleza yule bwana, pole pole na kwa heshima, kwamba hapa ni Afrika, theluji hakuna, kuna jua na kuna vumbi, na akitaka hivyo viwili anaweza kupewa vyote. Nilimsikia mwanamume yule naye akicheka.

Kabla ya magharibi walikuwa wamepiga wengine wanne.

Dada alichunguza. Namba ile zamani ilikuwa ya mzee mmoja wa pale mjini aliyekuwa na trekta dogo na mabeleshi, akizolea watu theluji kila msimu wa baridi. Aliacha kazi akahamia mji mwingine kwa mwanawe, namba ikarudishwa, ikakaa, ikapewa sisi. Wateja wake wengi hawakuwa na habari.

"Nitaomba wabadilishe, Baba," alisema Dada. "Watakusumbua mpaka Aprili."

"Usibadilishe," alisema Baba. "Namba nimeshaishika. Halafu wale watu wakipiga pasiitike mtu, watafanyaje? Wewe nitafutie mzoa theluji mwingine wa hapo kwenu, mtu mwaminifu, unipe namba yake."

Dada alimpata. Baba akaiweka namba ile kichwani pamoja na nyingine zote. Kuanzia hapo, kila theluji ilipoanguka katika mji ule usiku, wao wakiamka saa moja asubuhi kwetu ni saa kumi jioni, na simu inaanza. Baba alikuwa amekaa tayari, kanzu safi, kofia kichwani. "Haloo, Singida. Yule bwana ameacha kazi. Andika namba hii." Alisubiri waandike, akawaomba waisome, akawasahihisha, akawatakia siku njema. Ikifika isha Mama anachomoa waya, ofisi imefungwa.

Nilikuwa sijamwona Baba hivyo tangu duka lifungwe. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Msikitini wenzake walimpokea kwa kumuuliza, "Habari za theluji?" na yeye anajibu kwa uhakika wa mtu wa hali ya hewa: "Jana nyingi. Leo imepungua."

Katikati ya Desemba alipiga bibi mmoja.

Nakumbuka kwa sababu Baba hakumwomba arudie hata mara moja. Bibi yule aliongea pole pole, kila neno akiliweka chini kabla ya kuokota lingine. Baba akampa namba ya mzoa theluji, bibi akashukuru. Theluji ya pili ilipoanguka, akapiga tena. Baba akampa namba tena. Theluji ya tatu, akapiga tena.

"Mama," Baba alimwambia kwa Kiingereza chake, kwa upole, "ile namba hukuiandika?"

Kisha bibi akaeleza, na Baba alitusimulia baadaye neno kwa neno. Namba ile ya mzee wa trekta ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji yake. Iliandikwa na mume wake, miaka mingi nyuma. Mume alifariki mwaka ule ule, kabla baridi haijaanza, na katika nyumba nzima maandishi yake yaliyokuwa wazi machoni ni yale tu. Kubandika namba mpya kulimaanisha kubandua ile. Alijua kabisa kwamba anayepokea ni mtu wa Afrika. Ila kila alipoona theluji, mkono ulikwenda kwenye ile karatasi.

Baba alikuna kidevu. Nilimwona anafikiri.

"Usiibandue," alisema. "Wewe piga hapa hapa. Mimi nitampigia mwenye beleshi."

Ikawa hivyo. Theluji ikianguka, bibi aliyeko Kanada anapiga Singida, Baba anakata, anampigia mzoa theluji aliyeko mtaa wa tatu kutoka kwa yule bibi, kisha anampigia bibi kumwambia, "Anakuja saa tatu." Mzoa theluji mwenyewe mwanzoni alidhani anataniwa. Baadaye alizoea, akawa anamwita Baba "bosi".

Mama alipata mahali pa utani. Simu ikiita jioni, kutoka jikoni anapaza sauti: "Pokea, mke mwenzangu huyo!" Baba anajibu, "Wivu hauna dawa," na kuinua mkonga.

Siku moja Baba alimuuliza bibi umri. Mimi nilificha uso, najua wazungu hawapendi kuulizwa, lakini bibi alijibu bila shida: themanini na minne. Baba akakaa wima.

"Basi mimi ni mdogo wako kwa miaka kumi na miwili, na siku zote hizi nimekuwa nakusalimia vibaya," alisema. Akamfundisha. Yeye atasema shikamoo, na bibi aitikie marahaba. Bibi alijaribu mara nyingi, na lile neno lilimzunguka mdomoni kama ubuyu wenye kokwa, mpaka likatoka. Tangu hapo Baba hakuanza mazungumzo bila kumwamkia. Nami nikipita, naitwa: "Njoo umwamkie Bibi." Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, taratibu, akiwa amefurahi kama mwanafunzi aliyepata tiki.

Halafu wakagundua alizeti. Baba alimuuliza marehemu mumewe alifanya kazi gani, bibi akasema mkulima, tulilima alizeti. Baba alikaribia kuangusha mkonga. Alikuwa hajui kwamba katika nchi ya theluji watu wanalima alizeti, tena mashamba makubwa ambayo mtu haoni mwisho. Kuanzia siku hiyo theluji ikawa kisingizio. Waliongea habari za ndege. Kwake ndege weusi wanashuka kwa maelfu na kumaliza vichwa vya alizeti, kwetu ndege wadogo wanafanya hivyo hivyo kwenye uwele na mtama, na Baba alimweleza jinsi watu wa vijijini wanavyoshinda mchana kutwa shambani wakirusha mawe kwa teo na kupiga madebe. Bibi akasema mumewe alifunga mikanda ya kung'aa kwenye nguzo. Baba akasema hiyo tumeijaribu, ndege wakaizoea. Bibi akasema hata wa kwao waliizoea! Wakacheka wote wawili, watu wazima wawili waliowahi kushindwa na ndege.

Sasa nimtaje Dada. Kuna jambo aliwahi kuniambia mimi na hakumwambia Baba: kwamba katika miaka sita ya kuishi kule hajawahi kuingia ndani ya nyumba ya mwenyeji yeyote. Wanamsalimia kazini, wanamtabasamia dukani, basi. Wikiendi anakaa chumbani, anapika mlenda wa unga niliomtumia, anakula peke yake huku akiangalia dirishani. Bibi yule alikuwa mji mmoja naye. Baba alimtajia zaidi ya mara moja, na Dada kila mara alisema, "Nitakwenda, Baba," kwa sauti ya mtu asiyekwenda.

Mwishoni mwa Januari kule ilianguka theluji ambayo hata wao waliiita kubwa. Siku mbili mfululizo. Simu yetu iliita tangu saa tisa. Mzoa theluji hakupatikana kabisa, Baba alimpigia mara sita. Saa kumi na nusu akapiga bibi.

Baba akamwamkia. Bibi akaitikia, lakini sauti ilikuwa chini. Mlango wa mbele haufunguki, alisema, theluji imeubana tangu jana. Wa nyuma vile vile. Hana shida, ana chakula, nyumba ina joto. Ila dawa zake za moyo zimebaki za leo tu, na majirani wa upande wa kulia wamesafiri.

"Kaa karibu na simu," alisema Baba. Akakata na kumpigia Dada.

Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia pande zote mbili.

"Mwanangu, chukua beleshi uende kwa Bibi."

"Baba, hujui hali ilivyo. Mabasi hayatembei. Leo hata kazini wametuambia tusiende."

"Basi una nafasi."

"Baba, huku watu hawaendi nyumbani kwa mtu wasiyemjua. Wanaweza hata kuita polisi. Mimi simjui yule bibi."

"Mimi namjua," alisema Baba.

Dada akavuta pumzi. Nilimsikia anatembea, kisha mlango, kisha sauti yake kwa mbali akimwomba mwenye nyumba wake beleshi kwa Kiingereza. Aliporudi kwenye simu alisema, "Nipe mtaa."

Baba akampa mtaa na namba ya nyumba. Alikuwa nazo kichwani, bila shaka.

Tukasubiri. Mama aliacha kupika akaja kukaa nasi. Baba alimpigia bibi mara mbili kumwambia binti yangu yuko njiani, ni mrefu, amevaa koti jekundu, usimwogope. Adhana ya magharibi ikalia na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Baba aliswali nyumbani, mswala ameutandika kando ya kabati. Alikuwa ametoa salamu, bado amekaa chini, simu ikaita. Niliinua mkonga nikamshushia.

"Haloo, Singida."

"Baba." Alikuwa Dada, anahema. "Baba, niko jikoni kwake."

Nyuma yake tulisikia birika linapiga mluzi na kikombe kinawekwa mezani.

"Dawa?"

"Nimeshazichukua. Nilichimba mlango, nikaenda duka la dawa kwa miguu, nimerudi. Mikono haina ngozi. Baba, namba yenu nimeiona. Nimepiga kwa kuisoma hapo kwenye friji. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na saba zake zina mkato katikati kama zako."

Baba akatikisa kichwa kama vile Dada anamwona. "Umemwamkia?"

"Nimemwamkia."

"Kaitikia?"

"Kaitikia, Baba. Kanifungulia mlango, nimejaa theluji mpaka nyusi, kabla sijasema chochote zaidi ya shikamoo, akasema marahaba." Hapo sauti ya Dada ikapasuka, na hatukujua kama anacheka au analia mpaka bibi naye akaanza kucheka nyuma yake. "Kanikaangia mbegu za alizeti. Nimekula bakuli zima."

Mama alichukua mkonga. Aliongea na Dada kwa Kinyaturu, lugha yao ya mambo yasiyohitaji watu wengine, na mimi nilikwenda kuangalia mboga iliyokuwa inaungua.

Tangu siku hiyo Dada alikwenda kwa bibi kila Jumapili. Mwanzoni kuzoa theluji, baadaye bila sababu. Bibi alimtambulisha kwa majirani waliporudi safari, majirani wakamwalika, na ikafika wakati nikimpigia Jumapili ananijibu kwa haraka, "Nitakupigia baadaye, nina wageni." Nilifurahi kukatiwa simu. Baba alimsimulia kila mtu msikitini, na kila alivyosimulia theluji ilizidi kina, mpaka ikafika madirishani.

Theluji ilipoisha, simu za wateja nazo ziliisha. Nilihofia Baba atarudi kukaa kimya. Lakini bibi aliendelea kupiga, akidai kwamba anafanya mazoezi ya kuamkiwa, na Baba akampigia kumuuliza kama udongo umeshapata joto la kupanda.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa tulikwenda Issuna, kwao Mama, kwa kaka yake mkubwa, wakati wa kupiga alizeti. Baba hakukubali kuiacha simu. Nilipinga kidogo, kisha nikaipakia yote katika kikapu: simu ya mezani imefungwa ndani ya shuka, adapta, ruta, nyaya. Mama alisema wenzake wanakwenda kwao na sukari na mchele, yeye anakwenda na kabati la vyombo. Kule kwa Mjomba kuna umeme wa sola na betri nzuri. Mtandao niliupata baada ya kuzunguka nyumba yote na ruta mkononi, na mahali pekee ulipokubali ni kwenye kibaraza cha ghala. Tukaiweka simu pale juu ya kinu kilichogeuzwa.

Jumapili jioni uani palikuwa pamejaa. Mama wadogo na wake za binamu walikaa kuzunguka turubai, vichwa vya alizeti vimekauka vizuri, wanavipiga kwa fimbo na mbegu zinaruka. Wanaimba. Simu ikaita juu ya kinu, na mama mmoja mzee alishtuka akatupa fimbo.

Alikuwa Dada, kwa bibi. Baba akamwamkia bibi, akamuuliza habari za bustani. Bibi akasema alizeti yake, ile mistari miwili aliyopanda na Dada nyuma ya nyumba, imefika magotini. Kisha akauliza hizo kelele ni za nini.

"Ndiyo alizeti yenyewe," alisema Baba. "Tunaipiga." Akaunyoosha mkonga hewani kuelekea kwenye turubai, na waya wake wote ukanyooka.

Wanawake waliposikia kwamba mtu wa Kanada anasikiliza, waliacha kwa aibu. Mama akawakaripia, akashika fimbo yeye mwenyewe, akaanzisha wimbo upya, wakamfuata. Baba alikaa vile mkono umeinuka muda mrefu. Mkono ulipochoka akahamishia wa pili. Dada ananiambia bibi alikaa mezani macho ameyafumba, anagongagonga kijiko kwa mapigo yale yale.

Wimbo ulipokwisha Mjomba akasogea. Mwaka ule mvua hazikumpendeza, na bwawa lake la kunyweshea ng'ombe lilikuwa limeanza kupungua.

"Shemeji," alimwambia Baba, "huyo ndiye mwenye theluji?"

"Ndiye."

"Theluji ikiyeyuka si maji?"

"Ni maji."

"Muulize kama anaweza kunigawia."

Baba, bila kutabasamu hata kidogo, alimtafsiria bibi ombi lote, na bwawa, na ng'ombe. Akasikiliza. Kisha akatugeukia.

"Anasema uende na magunia, atakujazia kadiri utakavyoweza kubeba. Ila uvumilie mpaka Novemba, sasa hivi kwao ni jua tupu."

Mjomba akapiga kofi paja lake, akauliza Novemba tarehe ngapi, na wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo wa mbegu, ikabidi tuinuke wote tuziokote kabla kuku hawajafika.